Mapango ya Shangazi kwenye Ramani ya Darasa

Jumatatu, 1 Septemba
Nimechora tangu saa nane mchana. Ukuta wa nyuma wa Gredi ya 7 sasa ni Rarotonga, kisiwa cha Polinesia. Mlima wa volkano katikati, iliyozimika zamani sana. Mwamba wa matumbawe umekizunguka kama leso kiunoni. Ardhi imekatwa vipande, kila kimoja kinaanzia mlimani na kuishia mwambani, kila kimoja na jina lake. Wenyewe wanaviita tapere. Nimeyapenda yale majina mpaka nimeyakariri. Siku ya utamaduni ni tarehe 18 na mwalimu mkuu anataka kitu cha kuonekana. Atakiona.

Jumatano, 3 Septemba
Mwanafunzi mmoja ameuliza: na mwamba wetu hapa Munje, una majina gani? Nimeona haya. Kisiwa ambacho sijakikanyaga nakijua mpaka vilima vyake.
Kumbe na ya kwetu nayajua. Mwaka wa pili huu Shangazi Mwanakombo ananifundisha. Bamvua likifika, maji yanatoka mbali, tunatembea mwambani na ndoo na mkonjo, ile fimbo yake ya kuchokolea pweza. Ana mapango saba ya pweza, kila moja na jina lake. Aliachiwa na mamake, na yeye hana binti. Magoti yamemchoka. Mrithi ni mimi. Nisitiri. Bi Harusi. Mwanamwamba, pale alipojifungua mwanamke mmoja maji yakiwa yanarudi.
Nitachora ramani ya pili, kando ya Rarotonga.

Jumapili, 7 Septemba
Bamvua zuri. Pweza watatu. Wadogo tumewaacha, ndiyo desturi ya Shangazi. Ameimba njia nzima. Ramani sijamwambia. Nataka aione mwenyewe ashangae.

Alhamisi, 18 Septemba
Imefana! Wazazi walijaa mpaka dirishani. Rarotonga waliisifu kwa adabu, kisha wote wakahamia ramani ya Munje. Wanawake wa kijiji cha pili wameipiga picha kwa simu. Mwalimu mkuu amenishika mkono mara mbili. Shangazi hakuja, magoti. Nimelala mchana kwa furaha.

Jumanne, 23 Septemba
Nimetoka shule nikamkuta Shangazi kwenye baraza yangu, ndoo kavu miguuni. Mapango yote saba yamechokolewa. Mawe yamepinduliwa. Hata wale wadogo hawakuachwa.
"Nani kawaonyesha?" aliuliza.
Nilijua kabla hajamaliza. Mimi. Si majina tu niliyaandika. Kila pango nililitia alama, nikaweka na kipimio, nikaweka na mshale wa kaskazini. Mwalimu wa jiografia hawezi kujizuia. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kikulacho ni mimi.
Nikamwambia ukweli. Hakufoka. Alisema tu, "Haya, mwalimu." Tangu nizaliwe hajaniita mwalimu.

Alhamisi, 25 Septemba
Jana nilimpelekea mbaazi za nazi kwenye bakuli langu la buluu. Leo limerudi. Limeoshwa, linang'aa, tupu. Kwetu bakuli halirudi tupu. Utatia hata ndimu mbili, hata chumvi.
Nimelia jikoni.

Jumamosi, 27 Septemba
Asubuhi nimefungua darasa nikafuta alama zote. Mshale wa kaskazini nimeufuta kwa hasira. Majina nimeyaacha pembeni, yamepangwa tu, bila mahali.
Kisha nikaenda kwake.
"Shikamoo, Shangazi. Nimekosa."
"Marahaba. Umekosa, ndiyo. Majina hayana kosa. Mamangu angefurahi kuyaona ukutani. Lakini njia ya kufika haiandikwi, mwanangu. Hupewa mtu kwa miguu yake."
Mwanangu! Nikakaa chini. Akaniuliza kama hao watu wa kisiwa cha moto, yaani Rarotonga yangu, wana pweza. Wanao, nikasema. Tena mahali pakichoka wanapafunga, raui wanaita, hagusi mtu mpaka papumzike.
Akafikiri. "Basi na sisi tufunge. Mabamvua matatu."

Jumanne, 30 Septemba
Tumezunguka nyumba kwa nyumba, mpaka kijiji cha pili. Mimi ndiye niliyesema, kwa kuwa mimi ndiye niliyeharibu. Wenye picha wamezifuta mbele yetu. Mmoja alinuna, akafuta. Wote wamekubali kufunga. Miguu inaniuma kuliko magoti ya Shangazi, naye ananicheka. Nimeshukuru kuchekwa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Sikukuu, hakuna shule. Maji yalitoka saa sita. Tumepita Nisitiri, tumepita Bi Harusi, mkonjo begani, hatukugusa. Kwenye Mwanamwamba Shangazi aliinama akachungulia. Kuna kadogo kamerudi.
Tulienda mbele zaidi, mpaka mawimbi yanapovunjika. Akanionyesha ufa ambao ningeupita mara mia bila kuuona. Si wa mtu. Hauna jina. Akanipa mkonjo nichokoe mwenyewe, na nilipomtoa pweza akaniambia, "Hili pango ni lako. Lipe jina."
Nikalipa. Alicheka mpaka akashika kiuno.
Jioni bakuli la buluu limekuja tena, limefunikwa kwa kawa. Pweza wa nazi, limejaa. Nimekula peke yangu, taratibu.
Jina la pango sitaliandika. Hata hapa.