Nimemhamisha Mke Wangu Darasa, Naye Adhani Amefukuzwa

Bi Mwanaesha,

Salaam nyingi zikufikie hapo gazetini, na baada ya salaam nina shida ambayo sina wa kumwambia, maana ndugu zangu watanicheka na ndugu za mke wangu watanipiga. Nakuomba usiichape barua hii kabla hujanijibu, kwa sababu ukurasa wako tunausoma nyumbani mimi na yeye, na atanijua kabla hajafika katikati.

Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo kule Mbaraki, na mke wangu, nitamwita Fadhiya, ni mwalimu wa chekechea huku Mji wa Kale tunakoishi. Mwaka huu alipata nafasi ya kusomea diploma ya malezi ya watoto kwenye tawi la chuo kikuu hapa mjini, masomo ya alasiri, na mimi mwenyewe ndiye niliyemtia moyo, wallahi sikuwa na kinyongo, siku ya kwanza hata viatu nilimpigia rangi. Somo lao la mwanzo ni utangulizi wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia za watu, na linafundishwa na maprofesa wawili, kila mmoja na darasa lake, na mwanafunzi huruhusiwa kuwasikiliza wote wawili mwanzo wa muhula kisha achague atakayebaki naye, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Mmoja ni Profesa Charo, mzee aliyestaafu akarudishwa, miwani yake ameifunga uzi, husoma kutoka kwenye makaratasi yaliyogeuka rangi na wanafunzi huandika mpaka vidole vikafa ganzi. Mwingine ni Profesa Aidarus, kijana wa hapa hapa mjini aliyerudi kutoka masomoni Bara Hindi, hajaoa, shati limenyooka kama la bwana harusi, udi wanukia toka mlangoni, na yeye hafundishi kwa kusoma, afundisha kwa kuuliza. Siku ya kwanza Fadhiya alirudi, hata buibui hajavua, akaniambia, "Faraj, leo katuuliza, mara ya mwisho ulipokasirika, ulikuwa umekasirika kweli au ulikuwa waogopa? Darasa zima kimya! Wewe ungejibu nini?" Nikamwambia mimi si mtu wa kuogopa. Akasema, "Haya basi, nambie, ungekuwa wewe ungemchukua nani?" Nikamwambia Charo, wazee ndio wenye elimu iliyokolea. Akatabasamu. "Lakini bwanangu, kwa Profesa Charo hata feni yasinzia." Akamchagua Aidarus.

Toka hapo, Bi Mwanaesha, jina la mtu huyo likawa halitoki nyumbani mwangu. Zamani chai ya jioni ilikuwa yangu, mimi nasoma gazeti na Fadhiya aniuliza, huyu ni nani, jambo hili maana yake nini, nami namweleza, hata nisilolijua nalitafutia maelezo, na sasa nikianza kueleza ananiambia kwa upole, "Siyo hivyo, Faraj, Profesa Aidarus asema," na chai yote hunishinda. Siku moja nilitoka kazini mapema nikapita chuoni nimchukue turudi pamoja, nikamwona kwenye ngazi na wenzake, Aidarus kasimama katikati anaeleza kitu, na Fadhiya kacheka mpaka kajiziba mdomo kwa mtandio, kicheko ambacho mimi mara ya mwisho nilikisikia siku za uchumba wetu. Hakuna baya nililoliona, walikuwa kundi zima, tena kweupe, lakini nilihisi nimemezeshwa kaa la moto. Sikumwita. Nilirudi peke yangu na alipofika nikamwambia kichwa kinaniuma.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikavaa kanzu yangu ya Ijumaa, nikaenda ofisi ya chuo nikamkuta karani wao, Bi Mercy, nikamwambia mke wangu anaumwa na amenituma niombe ahamishiwe kwa Profesa Charo. Akaniangalia. "Ana hakika? Kwa Profesa Aidarus watu wanagombania nafasi." Nikasema ana hakika. Akalifuta jina huku akaliandika kule, na mimi nikapita sokoni Marikiti nikamnunulia Fadhiya machungwa, moyo mweupe kabisa, kama mtu aliyetoka kutenda jema.

Alasiri hiyo alirudi mapema, akaketi kitandani na buibui lake. "Nimefukuzwa, Faraj. Kaita majina, langu halimo. Naambiwa nimehamishwa. Mbele ya watu wote."

"Hukuuliza kwa nini?"

"Niulize nini? Ni haya masuali yangu. Nimemchosha mwalimu wa watu."

Hapo ningesema. Nilijua kuwa hapo ndipo pa kusema. Badala yake nilimmenyea chungwa nikamwambia, "Pole. Wasomi wengine hawapendi mwanamke mwenye masuali mengi."

Alilia, na chungwa hakulila. Kwa Profesa Charo akawa akikaa nyuma kabisa, hasemi na mtu, na mimi nikajisemea haya yatapita. Basi siku moja akajikaza akamuuliza mzee kwa nini mtoto aliyepigwa humkimbilia huyo huyo aliyempiga, na mzee, kwa alivyonihadithia Fadhiya mwenyewe, akayaweka makaratasi yake chini, akavua miwani, akalizungumzia swali hilo mpaka saa ikaisha, kisha akamwambia, "Kesho kaa mbele, binti yangu, na uje na swali jingine." Sasa nyumbani ni Profesa Charo asubuhi, Profesa Charo jioni, na Bi Mwanaesha, naona haya kuandika hili, nimeanza kumwonea wivu mzee ambaye hata meno si yake.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Shemeji yangu Athmani amesikia kuwa dada yake alifukuzwa darasani, na amechachamaa, asema Jumanne ya wiki ijayo atakwenda naye kwa Aidarus amtake maelezo. Fadhiya hataki ugomvi. Asema, "Mimi nataka kujua nilimkosea nini, basi." Na Ijumaa iliyopita nikitoka msikitini, Aidarus mwenyewe akanijia, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mama hajambo? Niliambiwa aliumwa. Mwambie darasani pengo lake twaliona." Sikuweza kumtazama usoni.

Niende kwa Bi Mercy nimwombe anisitiri? Nimwendee Aidarus nizungumze naye kiume? Au nimkataze Fadhiya masomo, mambo yote yaishe? Nikimwambia kweli nachelea ataniacha, na nisipomwambia, Jumanne hiyo yaja.

Ni mimi, Faraj, Mji wa Kale.

*

Faraj, nakujibu kwa posta ya haraka, maana shida yako haiwezi kungoja zamu yake gazetini.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Shati la Profesa Aidarus umenieleza, na udi wake, na kwamba hajaoa. Kosa la mkeo nimelitafuta sikuliona, na wewe mwenyewe waandika kuwa hukuliona. Halafu ukampeleka kwa mzee wa meno ya bandia, wivu ukakufuata huko huko! Basi tumwondoe Aidarus katika habari hii. Hata angefundishwa na bibi yake aliyemzaa mama yake, ungekosa usingizi. Kinachokuuma ni ile chai ya jioni. Ulizoea kuwa wewe ndiye ajuaye naye ndiye aulizaye, na sasa ana watu wengine wa kuwauliza. Nakuhurumia, kwa kweli. Kumwona mtu umpendaye akikua upande usioufikia kunauma, na wanaume wengi huumwa hivyo bila kujua wanaumwa nini. Lakini huruma yangu inaishia hapo.

Kumhamisha darasa ulikosea, tena sana. Ulimsemea mtu mzima kama mtoto. Ila lililonifanya niiweke barua chini nikatembea nyumbani kwanza ni lile ulilosema ukimenya chungwa. Mke wako alikuja kwako ameumia, akakwambia nadhani masuali yangu yamemchosha mwalimu, na wewe uliyejua kuwa si kweli ukamwambia ndiyo, ni masuali yako. Mwanamke huyo alikaa nyuma ya darasa akijiona hana akili kwa sababu yako. Aliyemtoa huko ni Mzee Charo, na badala ya kumshukuru unamwonea kijicho.

Sasa nisikilize. Kwa Bi Mercy usiende. Ukimwomba afiche utakuwa umemfanya mwongo wa pili, na yeye hana dhambi. Kwa Aidarus usiende kuzungumza "kiume", sijui mnazungumza nini huko ambacho Fadhiya hapaswi kukisikia. Na masomo usimkataze! Ukimkataza, siku atakapojua, na atajua, hutakuwa na mahali pa kusimama.

Mwambie kabla ya Jumanne, yeye kwanza, kabla ya kaka yake. Anza na maneno haya: "Ni mimi niliyekuhamisha." Usianze na mapenzi, usianze na kichwa kuuma. Halafu mwambie la pili, kwamba ulijua hakufukuzwa na ukamwacha aamini. Akikasirika, acha akasirike. Akienda kwao, mbebee vitabu umfikishe mlangoni, wala usisimamishe watu wazima wa mtaa wakusuluhishe kabla yeye hajataka. Kisha mwende chuoni, useme mbele ya Bi Mercy kwamba ulidanganya, kwa sauti ile ile uliyodanganya nayo. Na akiulizwa atabaki kwa profesa yupi, wewe funga mdomo. Ushauri wako katika jambo hilo umekwisha.

Bi Mwanaesha

*

Bi Mwanaesha,

Nimekwisha kumwambia, na sasa waweza kuichapa, yeye mwenyewe amekubali.

Nilimwambia Jumamosi akiwa anachambua mchele. Nilianza kwa maneno uliyonipa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi na kwa sinia kurushwa, lakini la kwanza alilosema lilikuwa, "Kwa hivyo hakunifukuza?" Nikamwambia hakukufukuza. Akaniuliza tena, "Hakuchoshwa na mimi?" Nikamwambia alitaka sana urudi. Bi Mwanaesha, uso wake ulifunguka kwa furaha, na furaha ile iliniadhibu kuliko tusi lolote, maana ndipo nilipoona nilikuwa nimemnyima nini. Kisha furaha ikaondoka. Akasema, "Nilikaa hapa nikilia, nawe wanimenyea chungwa." Akainuka, akaacha mchele kwenye sinia.

Alikwenda kwao Kibokoni. Nilimbebea vitabu. Athmani alifungua mlango, akavichukua vile vitabu na kuniambia, "Mimi leo sisemi na wewe, nisije nikakosa adabu." Jumanne nilitangulia chuoni nikawangoja. Nilimwambia Bi Mercy mbele ya foleni ya wanafunzi kwamba nilidanganya, na Bi Mercy hakuniangalia mimi, alimgeukia Fadhiya akamwambia, "Nisamehe, ilinipasa nikutafute nikuulize." Profesa Aidarus aliitwa. Nilimwomba radhi naye akaipokea kwa neno moja tu, kisha akamuuliza Fadhiya kama ataka kurudi. Nilitamani mno Fadhiya aseme atabaki kwa mzee. Sikusema kitu. Fadhiya akasema atarudi, ila amwombe kwanza ruhusa Profesa Charo, kwa heshima, na kama mzee hatakataa awe akija kumsikiliza siku anazozipata. Mzee, nimesikia, alimwambia kiti cha mbele hampi mtu.

Amerudi nyumbani juzi. Tunasalimiana vizuri, tunakula pamoja, lakini chai ya jioni yeye huinywa akisoma na mimi hunywa nikimtazama. Wivu haujaniisha, sidanganyi tena mtu. Jana alikuwa amekaa mkekani na kitabu, akatikisa kichwa peke yake kama mtu aliyeambiwa jambo zito. Nikamuuliza, "Kinasemaje?" Hakuinua macho. Nikadhani hatanijibu. Halafu akasogea kidogo kwenye mkeka.

Nifanye nini sasa?

Faraj

*

Keti hapo alipokupisha, Faraj. Sikiliza mpaka amalize, usimsahihishe, na usimwulize hayo kayasikia kwa nani.

Bi Mwanaesha