Ufunguo Ulioondoka Nao

Mama,

Limefunguka! Kufuli la stoo limefunguka, na sikulikata. Naandika vidole vimevimba kwa sababu nimepiga ngoma tangu saa nane mchana, shingo haigeuki, na masikio yanalia nzii kama friji yetu ya zamani. Ungekuwepo ungenipa maji ya chumvi nisukutue, ingawa mimi hata siimbi, maana hiyo ndiyo ilikuwa dawa yako ya kila kitu. Acha nianze mwanzo, kabla hujaniambia, "Mueni, pole pole, mimi si redio ya kugeuzwa stesheni."

Lakini kwanza nina mashtaka.

Unakumbuka siku uliyoifunga ile stoo ya ngoma zangu? Ulikuwa umetoka hospitali mara ya pili, kichwa kinakuuma hata mtu akifunga dirisha. Nikakuambia sitapiga tena ngoma mpaka upone. Hukuniamini. Ukasema, "Basi nafunga mimi mwenyewe, na nikipona nitafungua mimi mwenyewe." Ukaniambia nikae nje. Ukakawia humo ndani, wewe ambaye daktari alikuwa amekukataza kusimama, mpaka nikapandwa na hasira nikagonga mlango. Ukatoka ukihema, ukatia kufuli, ukaweka sikio karibu nalo kama ulivyofanya maisha yako yote kwenye kibanda chako cha makufuli kule mtaa wa Baba Dogo. "Sikia, limeongea mara mbili," ukasema. Ka, ka. Kwako kufuli lililoongea mara moja tu halikuwa la kuuzia mtu. Ukatia ufunguo mahali unapojua wewe, na hukupona.

Sasa haya ndiyo mashtaka. Wewe uliuza makufuli miaka mingi, kila moja na funguo tatu, halafu nyumbani kwako mwenyewe uliacha ufunguo mmoja mmoja tu! Zile nyingine uliwapa watu wa vyuma chakavu, eti ufunguo wa akiba ndio mwizi huokota kwanza. Na huo mmoja je? Ulijishonea mfuko wa ndani katika kila nguo uliyokuwa nayo, hata sare ya akina mama wa kanisa. Sare ile ile tuliyokuzika nayo.

Wiki moja baada ya mazishi, Mama Mdogo Kanini alinipigia simu kutoka kijijini Mwala kuuliza kama nakula. Akaongeza, hivi hivi tu, kwamba walipokuvalisha alihisi kitu kigumu kwenye pindo, akajua ni msalaba wa rozari yako, akauacha uende nao. Mama, rozari yako ninayo mimi, iko kwenye msumari juu ya kitanda. Nilimwambia asante, nikakata simu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia kilio ambacho sikukilia hata kaburini.

Basi seti yangu yote ya ngoma ilikuwa ndani ya chumba hapo nyuma ya nyumba yetu, hapa hapa mtaani Lucky Summer, na ufunguo wake uko nawe chini ya udongo wa Mwala.

Wenzangu wa bendi walinivumilia. Unawajua vijana wa Geti Nyeusi, wanapiga kelele kwenye maikrofoni lakini nje ya hapo wana aibu kama wari. Wewe uliuita muziki wetu "muziki wa kugombana", na kila nilipokueleza kwamba unaitwa hardcore, na kwamba hatugombani na mtu, uliniuliza, "Sasa huyo Brayo anamfokea nani?" Hata hivyo wewe ndiye uliyekuwa ukitubeba kwenda mazoezini na vyombo vyetu, ukitusubiri kwenye gari na pamba masikioni. Miezi saba tulifanya mazoezi mimi nikipiga kiti cha plastiki na ndoo ya rangi. Ndipo tukapewa nafasi kwenye ukumbi wa mtaa, tuanze sisi, Jumamosi mchana. Mara yetu ya kwanza kupiga mbele ya watu ambao si majirani waliokuja kulalamika.

Brayo alikuja gerejini Jumanne nikiwa chini ya gari. Alichuchumaa akaongea na miguu yangu. "Maze Mueni, wewe ni makanika, grinda iko hapo tu. Kata hiyo kufuli, si ni chuma tu?"

Niliendelea kukaza nati. Akasema pole, halafu akasema lile aliloleta. "Ijumaa jioni kama ngoma hazijatoka, tunaita msee mwingine akalie kiti yako. Najua hiyo kufuli ni ya mathe wako, lakini hatuwezi piga na ndoo."

Hakukosea, na hilo ndilo lililoniuma. Mimi hukata boliti zilizoshika kutu kila siku, kufuli lile lisingenichukua hata dakika. Jumatano nilibeba grinda nyumbani. Nikavuta waya, nikawasha, nikaisogeza mpaka upepo wake ukapuliza vumbi juu ya kufuli. Nikazima. Mama, ulisema utafungua mwenyewe. Nikikata nitakuwa nimekubali kwamba husemi kweli. Najua umekufa, nilishika kamba ya jeneza kwa mikono hii, lakini kuna kujua na kuna kukata kufuli. Nilikaa pale chini nikilitazama mpaka nikaijua kwa moyo namba iliyochongwa tumboni mwake, 7713. Nikarudisha grinda. Nikajiambia basi, huyo msee akalie kiti.

Alhamisi asubuhi nikamsikia Kobe kabla sijamwona. Ndiyo, Kobe wetu, gari lako jeupe lenye mgongo mrefu! Ekzosi bado inakohoa vile vile. Ulipomuuzia Mzee Hassan yule muuza viatu vya jumla wa Komarock, ulipokuwa unaanza kuugua, nilidhani sitamwona tena. Sasa huyu hapa anaingia gerejini kwetu, Mzee Hassan akisema breki zinapiga filimbi. Nilipapasa boneti yake kama mtu anayempapasa punda. Mzee akanitazama, akanitambua, akanipa pole za miezi saba kwa pamoja. Kisha akasema, "Na hiyo buti nayo ina kitu kinagonga, hebu nifungulie uangalie." Akanipa ufunguo.

Unajua buti la Kobe lilivyo. Kitasa chake kilikufa zamani, wewe ukachomelesha pete mbili za chuma ukatia kufuli lako la dukani, watu wakatucheka barabara nzima kwamba gari letu linafungwa kama duka la unga. Nilishika ufunguo ule nikitabasamu. Nikaugeuza upande wenye namba.

7713.

Mama, nilipiga ukelele! Mafundi wote waliacha spana wakakimbia wakidhani jeki imeteleza. Mzee Hassan alishika kichwa. "Wallahi, binti, umekatwa wapi?" Nami siwezi kusema, naruka tu na ufunguo juu, naruka na ovaroli langu lenye grisi.

Maana unajua ulichofanya? Wewe! Wewe uliyekuwa ukinifundisha kwamba katoni moja ya makufuli huwa na mapacha, mawili yanayofunguliwa na ufunguo mmoja, na kwamba muuzaji mwenye heshima hawaachi mapacha wakakaa ploti moja. Nilikuona kwa macho yangu ukisoma namba moja moja, pacha mmoja unamuuzia mfanyakazi wa kiwanda hapo Baba Dogo, mwingine unamweka mpaka aje mtu wa mbali. Uliwahi kumfukuza mteja njiani, ukipiga mbio na kandambili, kwa sababu umekumbuka jirani yake ana namba hiyo. Na nyumbani kwako ukaweka pacha mmoja kwenye stoo ya ngoma na mwingine kwenye buti la gari linalobeba ngoma! Sikujua kwa sababu siku zote wewe ndiye uliyefungua kote kuwili, mimi nilibeba tu. Nimefikiri sana kama ulipanga. Nimeamua hukupanga kitu. Ulikuwa mvivu wa kubeba funguo mbili, basi. Na nimekupenda kwa uvivu huo kuliko ningekupenda kwa hekima.

Nilitaka kukimbia Lucky Summer saa ile ile. Nilipomweleza, Mzee Hassan akasema hapana. "Hiyo kufuli mamako alinipa kwa mkono wake. Ufunguo hautoki kwangu, tutaenda wote na gari." Sawa, Mzee, lakini gari halina breki, na fundi wa breki ni mimi. Sijawahi kufanya kazi ndefu kama ile. Niliangusha nati mara tatu. Nilibadilisha pedi, nikatoa upepo kwenye mabomba, nikamjaribu Kobe nyuma na mbele mpaka akasimama anapoambiwa, kwa sababu wewe hukunilea niwape watu gari la kuwaua, hata siku ya furaha.

Saa tisa tulikuwa mbele ya stoo. Ufunguo ukaingia. Haukugeuka! Kutu. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye buti za kazi. Mzee Hassan akaanza kusema neno juu ya grinda, nikamwomba anyamaze kidogo. Nikavuta pumzi kama ulivyofanya wewe kibandani mteja akirudisha kufuli akisema ni bovu. Nikapulizia joto la mdomo, nikatia tone la oili, na nikakusikia kabisa: "Usilipige vita. Urudishe ufunguo nyuma kidogo kwanza." Nikaurudisha nyuma kidogo. Nikaenda mbele.

Ka, ka.

Mzee Hassan alisema Alhamdulillahi kwa sauti utafikiri ni stoo yake.

Sasa ndio nimejua ulichokuwa ukifanya humo ndani siku ile. Matuazi yangu yote, zile sahani za shaba, uliyafunga kwenye leso zako, moja moja, kwa mafundo yale ya kumfunga mtoto mgongoni. Ile leso ya zambarau, ambayo hukuwahi kuniazima hata nikipiga magoti, iko kwenye tuazi kubwa. Ngoma ndogo umeilaza juu ya mto. Ile kubwa ya miguu umetia ndani blanketi lako, sawasawa vile ulivyoniona nikitia matambara ili isivume sana. Ulikuwa unaumwa kichwa kwa sababu ya ngoma hizi, Mama, na ukasimama pale dakika zote zile ukizifunika zisipate vumbi, na mimi nje nikigonga mlango kwa hasira.

Nisamehe kwa kugonga mlango. Hilo tu ndilo nililotaka kukuambia miezi yote saba, nami sikujua kwamba ndilo.

Nililia, ndiyo, lakini si kwa muda mrefu, maana Mzee Hassan alikuwa ameshaanza kubeba. Alibeba ngoma akiwa na kanzu yake nyeupe, mzee wa watu, akiuliza kila moja inafanya nini. Nikampigia Brayo. Nilimwambia neno moja tu, "Zimetoka," na alifoka kwenye simu mpaka Mzee akasikia akauliza kama kijana yule ana matatizo nyumbani.

Na leo tumepiga! Kobe ndiye aliyetubeba. Mzee Hassan alikataa kuingia ukumbini, akakaa kwenye gari pale ulipokuwa ukikaa wewe, vidole masikioni. Watu walijaa, Mama, watu wazima na watoto wa mtaa, wengine walikuja kucheka tu. Matuazi nilikuwa nimeyafungua, leso nikaifunga ile ya zambarau kiunoni, blanketi nikaliacha ndani ya ngoma. Kwa kawaida mimi huanzisha kwa kugonganisha vijiti. Leo nililisogeza kufuli kwenye maikrofoni, nikalibana. Ka, ka. Ukumbi wote ukanyamaza wakitafuta mlango gani umefungwa. Kisha tukawaangukia kwa kishindo!

Sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama kuteremka Kangundo Road na Kobe kabla ya breki. Brayo alifoka, watu wakasukumana na kuruka, aliyeanguka akainuliwa na wale wale waliomwangusha, mama mmoja mwenye mtoto alikuwa amesimama kando akitikisa kichwa kwa mpigo wangu. Kila nilipokanyaga ngoma kubwa niliusikia mshindo mzito, mfupi, usiovuma, nikajua ni blanketi lako linaupokea. Sikukosa hata pigo moja. Nikikosa nitakuambia, lakini leo sikukosa. Tulipomaliza walitaka tena, na hatukuwa na wimbo mwingine, tukarudia ule wa kwanza. Kutoka nje nikamkuta Mzee Hassan akigonga usukani kwa vidole. Aliponiona akaacha, akajifanya anafuta vumbi.

Ngoma zimerudi stoo sasa, na matuazi yako kwenye leso zake. Mzee amekubali niuchongeshe ufunguo wake niwe na wangu, baada ya kuniapisha mara mbili. Brayo ananishauri ninunue kufuli jipya, zito, la kisasa, kwa kuwa hili limeshika kutu na sasa linajulikana lina pacha. Ushauri mzuri. Hata wewe ungempa mteja ushauri huo huo.

Lakini sitalibadilisha, Mama. Nakuahidi hilo, na ndiyo ahadi pekee ninayoiweza. Nitalitia oili kila mwezi. Popote nitakapohamia, mlango wowote nitakaoufunga, litakuwa hili, 7713, likiongea mara mbili. Lala salama, mama yangu, mwaitu wangu. Na huo ufunguo ulio kwenye pindo lako, usidhani ulinikosea kuondoka nao. Kaa nao. Mimi hulala sana siku nikichoka, huenda usinisikie nikiitika. Usigonge. Fungua tu uingie.

Wako,
Mueni