Wakimbie Mizunguko Mingapi?

Mpendwa mjukuu wangu Mwende,

Sisi huku Kayole tu wazima, na goti la nyanya yako limepata nafuu. Umeniuliza wasichana unaowafundisha raga huko Kitui wakimbie mizunguko mingapi.

Nilipokuwa karani kijana, kocha wetu wa raga alinikimbiza mpaka nikalalamika. "Mbona Mutua amesimama tu anarusha pasi?"

"Mutua amebeba mawe ya mjengo tangu asubuhi," akanijibu. "Wewe umeshinda kitini."

Kisha akanionyesha daftari lake. Kando ya kila jina aliandika kwanza kazi ambayo mtu ameshinda akifanya, ndipo akapanga mazoezi yake. Mpaka leo namvulia kofia.

Sasa niambie, wasichana wako wakifika uwanjani huwa wameshachota mitungi mingapi ya maji?

Babu yako anayekuombea