Maneno Niliyoyaruka Mbele ya Mama Princesse

Senga Kaltumi mpendwa, shangazi wetu wa gazetini,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia jambo hili na Ijumaa inakuja mbio.

Naitwa Mugisho, nina miaka kumi na tisa, nimezaliwa Lubumbashi lakini wazazi wangu ni watu wa Bukavu, na mimi ni mmisionari wa wale wanaoitwa Wamormoni, vijana wa shati jeupe na tai wanaotembea wawili wawili. Nimefika Kampala siku tisa tu zilizopita, na kwetu mmisionari wa kiume huitwa Mzee hata kama ndevu hazijaota, basi tangu Entebbe naitwa Mzee Mugisho na kila mara nageuka nyuma kuangalia baba yangu amesimama wapi. Siku za kwanza zilinishangaza mno, mji unapanda vilima na kushuka, alfajiri adhana na ngoma za walokole zinakutana juu ya mabati ya mtaa wetu wa Nateete, na mimi najiuliza ni kweli Mungu amenituma mimi, mimi ambaye sikuwahi kulala mbali na mama yangu?

Mwenzangu ni Mzee Okot wa Gulu, anajua Kiacholi, Kiingereza na Luganda lakini Kiswahili hapana, kwa hiyo kwa Wakongo kazi yangu ni kumtafsiria. Siku ya nne tulikaribishwa na mama mmoja muuza vitenge sokoni, jina lake Bibiane. Aliposikia jina langu akasema, "Mugisho? Wewe ni mtoto wa kwetu, ingia." Akatueleza kwamba miaka mitatu iliyopita, wakikimbia vita, mkono wa binti yake Princesse ulimponyoka katika msongamano wa watu mpakani, mtoto alikuwa na miaka kumi, na hajamwona tena. Halafu akasema, "Muulize mwenzako. Mungu wenu anasema nini juu ya mtoto wangu?"

Okot alijibu polepole, kwa Kiingereza, kwamba Mungu anaweza kuzifunga familia pamoja zisiachane milele, na kwamba baada ya maisha haya mama atakuwa tena na binti yake. Nilielewa kila neno, Senga, nisikudanganye na wewe pia. Lakini yule mama alikuwa ananitazama mimi, hamtazami Okot, na yale maneno "baada ya maisha haya" nikayaruka, nikasema, "Anasema Mungu atakurudishia Princesse. Utampata."

Akasimama. Akatoka uani miguu mitupu, akapiga vigelegele, akaita majirani, "Kuanzia leo niiteni Mama Princesse!", jina ambalo hakuna aliyethubutu kumwita tangu afike Kampala, na wanawake wakaja mikono ina povu la sabuni wakamzunguka wakiimba, na mimi mwili ulinisisimka wote, nikahisi neno lile ni kubwa kuliko mimi na halikutoka kwangu, na kwa muda huo hata mimi niliamini. Okot alilia. Akaniambia, "Siku ya nne tu, Mzee, umeona Roho anavyofanya kazi?" Wakapanga na siku ya ubatizo wake, na kanisani kila mtu ananishika mkono.

Jana tumerudi tukamkuta anafunga mizigo. Meza yake ya sokoni amempa mwanamke mwingine, Reine, mdogo wake Princesse, atamwacha kwa jirani, na Ijumaa anapanda basi la kwenda mpakani avuke kumtafuta, huko ambako watu bado wanakimbia. Nilipomuuliza kwa nini aende sasa alisema, "Mungu amesema nitampata. Nikae Nateete nangoja nini?"

Nikisema ukweli nitaizima ile furaha niliyoiona kwa macho yangu, nikinyamaza anaweza kufa, na zaidi ya yote kuna swali ambalo haliniachi: je, kama kweli ni Mungu aliyesema kwa mdomo wangu? Nifanye nini?

Mugisho, Nateete

*

Mwanangu Mugisho,

Mzee siwezi kukuita, mjukuu wangu wa kwanza ni mkubwa kuliko wewe.

Barua yako ilinifikia Jumanne na gazeti linatoka Jumamosi, basi la yule mama likiwa limeshaondoka. Kwa hiyo nilikupigia simu. Nachapa hapa niliyokuambia, na yaliyofuata, kwa ruhusa ya Mama Princesse mwenyewe, kwa sababu kuna wengine wengi wanaobeba maneno ya watu mdomoni.

Nilianza na swali lako la mwisho. Mimi ni Mwislamu, dini yenu siijui, lakini mwili kusisimka si ushahidi wa kitu. Ulichokiona pale uani ni mapenzi ya mama kwa mtoto wake. Ni kitu kizito, na una haki ya kutetemeka mbele yake. Lakini Mungu hakukutuma kuyaruka maneno. Uliyaruka kwa sababu ulimwonea huruma, na pia, kubali, kwa sababu uliogopa uso wake. Huruma ya namna hiyo inampandisha mtu basi la kwenda vitani.

Nikakuambia: mwambie Okot leo hii, kwa Kiingereza chochote ulicho nacho. Kisha nendeni wote wawili. Usianze kwa maombi. Usijitetee. Na sikiliza vizuri hapa: usiende kumwambia kwamba binti amekufa, maana hilo nalo hulijui. Mwambie alichosema mwenzako, ulichosema wewe, na tofauti iliyopo katikati. Basi.

Alhamisi ulinipigia ukanieleza. Okot alikasirika, halafu akafunga kamba za viatu akasema twende. Mama alikusikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya mzigo wake, akasema, "Rudia. Sema alivyosema yeye." Okot akarudia, sentensi moja moja, na wewe ukatafsiri bila kuacha kitu. Akauliza, "Kwa hiyo hamjui mtoto wangu iko wapi?" Ukasema, "Hatujui, mama." "Hata huyu mkubwa wako?" "Hata yeye."

Akasema, "Tangu nifike Kampala, kila mchungaji anajua. Mmoja alimwona akiwa hai, mwingine alimwona kaburini. Nyinyi ndio wa kwanza kusema hamjui." Akawaambia mumsaidie kufungua kamba za mizigo. Ukataka kumwita Bibiane, akakukatiza: jina ni Mama Princesse, na hilo wewe hukumpa, hivyo huwezi kulichukua.

Unaniambia hujawahi kuona mtu mwenye moyo mkubwa kama yule mama. Hata mimi, kwenye simu, nilitafuta kiti.

Sasa kazi. Ile siku ya ubatizo ifutwe. Akitaka atawaambia mwenyewe, asipotaka mtaendelea kumsalimia vilevile. Mweleze kiongozi wa misheni yako kabla hajasikia kwa mtu mwingine, na kanisani wanaokushika mkono waambie ukweli, uone nani ataendelea kukushika. Nenda kwa yule mwanamke wa sokoni, umwombe kwa adabu arudishe meza. Akikataa, bebeni vitenge nyinyi wenyewe mpaka ipatikane nyingine, na tai zenu shingoni.

Na kuna ofisi hapa mjini inayotafuta watu waliopotezana kwenye vita. Inaandika majina, inalinganisha na ya kambi za nchi nyingine, na imewahi kuwakutanisha watu; si wote. Mama Princesse hakuwahi kwenda kwa sababu aliambiwa wanazungumza Kiingereza tu. Jumanne ijayo saa tatu asubuhi nitawangoja langoni kwao. Njooni na picha ya mtoto kama ipo, na maji ya kunywa, foleni ni ndefu. Wewe utakaa pembeni yake, na utatafsiri atakachosema. Chote.

Senga Kaltumi