Kigari Namba Tano

3 Machi
Mwanangu mpenzi,
Hujambo? Mimi mzima, miguu tu inalalamika. Jana vigari vyenu vinane vinavyojiendesha, vinavyotupelekea damu na dawa hapa hospitali, vilisimama koridoni foleni nzima. Wahalifu waliingia kwenye mtandao, wakakifanya kimoja kitangaze kwamba njia imefungwa. Vingine vyote vikaamini. Wodini nina mama ametoka kujifungua, anavuja damu! Nilikimbia mwenyewe hadi benki ya damu, kwa umri huu. Amepona, ila nusura tumpoteze. Nimemwambia mganga mkuu vigari visikanyage tena wodi yangu.
Mama yako

11 Machi
Shikamoo mama,
Pole na miguu. Baada ya kuisoma barua yako nilijifungia karakana nikalia. Kosa ni langu: nilivifundisha vigari kusikilizana, sikuvifundisha kutiliana shaka. Sasa natengeneza programu inayojifunza mwenendo wa kila kigari siku za kawaida, ili kimoja kikibadilika ghafla, vingine vikiweke kando na kazi iendelee. Lakini lazima ijifunzie kwenye wodi yenye pilikapilika. Kama yako. Vitembee vitupu tu, mama.
Bintiyo

2 Aprili
Shikamoo mama,
U mzima? Kimya chako kinaniuma kuliko maneno. Ukikataa, nitaelewa.
Bintiyo

9 Aprili
Mwanangu,
Mimi mzima, nilikuwa nimenuna. Haya, vije, vitupu. Kitakachomzibia njia nesi wangu nakipiga teke.
Mama yako

20 Agosti
Mwanangu mpenzi,
Hujambo? Kaa kitako kwanza. Tangu Juni nimeviruhusu kubeba mzigo. Sikukuambia usije ukavimba kichwa. Sasa jana asubuhi wale wahalifu walishambulia tena, na wodini nina mzazi anasubiri damu. Namba tano kikatangaza kuna moto mbele. Nesi akapiga kelele, "Sista, vimesimama!" Nikafunga kamba za viatu nikimbie. Kabla sijainuka, vile saba vikakipita kando namba tano, vikaja zao. Damu ikafika mbele yangu, nami nimechuchumaa na kamba mkononi. Mzazi yuko salama, na mtoto ni wa kike, ana sauti huyo!

Nilikosea kukunyima jibu muda wote ule. Nisamehe.

Namba tano tumekifungia stoo. Manesi wanakizomea, nimewakataza: nacho kilidanganywa tu. Njoo ukitibu.
Mama yako