Mabati ya Chumba cha Mama Mkwe

Jumamosi, 1 Oktoba 2011

Bado bati tatu. Jua kali, misumari inachoma vidole. Mwenye nyumba anasema hapa Chatsworth, Durban, dhoruba za mwisho wa mwaka hufunua paa kama kifuniko cha sufuria. Basi naezeka upya chumba cha uani, mama mkwe anahamia kesho. Nimelaza bati kama kwetu Uvira: maungio yote yameyapa maji mgongo, maana kule upepo mbaya hutoka ziwani. Hapa ni bahari. Maji ni maji.

Jumapili, 2 Oktoba

Mama kaletwa na Furaha, dada mkubwa wa mke wangu Béatrice. Alikuwa anakaa kwake Greyville, flati yenye dari ya zege. Furaha aliangalia paa langu akacheka. "Shemeji, mama akinyeshewa hata mara moja tu, anarudi kwangu. Voilà." Béatrice akachukua begi la mama akaliingiza ndani. Amemngoja mama yake miaka. Nilikasirika, nikameza.

Jumatano, 5 Oktoba

Mkwe na mimi tunaishi kwa adabu. Nikipita uani anageukia ukuta. Jina langu hatamki. Béatrice anaimba akiosha vyombo. Nilisahau kama anaimba.

Jumatatu, 10 Oktoba

Dhoruba jana jioni. Haikutoka baharini. Ilitoka bara, kusini-magharibi, nyuma ya vilima, ikaingia moja kwa moja kwenye maungio yangu.

Asubuhi nilimtuma Béatrice akaulize. "Nimelala muzuri," mama akajibu. Lakini mlango ulikuwa wazi, nikaona kitanda kimehamia pembe nyingine. Blanketi liko kwenye kamba, linachuruzika. Mama mkwe halalamiki kwa mkwe wake. Yuko radhi kulala dimbwini kuliko kuniaibisha. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 13 Oktoba

Mwenye nyumba anashangaa. Durban nzima inajua upepo wa baharini ni wa jua, wa kusini-magharibi ndio wa kuogopa. Hakuna aliyeniambia. Sikuuliza pia, fundi mkubwa mimi.

Furaha amesikia habari za dhoruba. Anakuja Jumapili kukagua. Béatrice haimbi.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimeng'oa bati zote. Nimeanza upya upande wa bahari, kila bati likipanda juu ya lililotangulia, ili maungio yaipe bara mgongo. Matundu ya zamani nimeyaziba kwa lami.

Saa tisa upepo ukaamka. Béatrice yuko salon, kazini. Ngazi ikaanza kucheza, nami kinywa kimejaa misumari. Niliogopa, kweli. Kisha ngazi ikatulia.

Nikachungulia. Mama mkwe. Kaishika kwa mikono miwili, uso kaugeuzia ukutani, kitenge kimefunika kichwa. Hakutazama juu. Nami sikumshukuru, haifai. Hakuiachia mpaka bati la mwisho. Nikakohoa kabla ya kushuka, ili apate nafasi ya kuondoka.

Jumapili, 16 Oktoba

Mvua kubwa alfajiri, ya kutoka bara. Nilikaa kitandani nikisikiliza.

Furaha kaja baada ya ibada. Akapapasa godoro, akapapasa ukuta. Pakavu. Akamuuliza mama: na ile dhoruba ya wiki jana? Nilikuwa nje ya dirisha, roho mkononi.

"Hapa sijanyeshewa hata siku moja," mama akasema.

Furaha ameondoka na taxi ya saa nane. Kitanda kimerudi mahali pake pa kwanza. Béatrice anaosha vyombo, anaimba.