Mlima Uwe Mwishoni

Kisugu, Jumanne, Januari 1977

Sweta nimelimaliza, na shingo yake imekaa vizuri kuliko za dukani. Leo bombani nimeringa mpaka jirani yangu Mama Zubeda akachoka. Yusufu wangu, mwalimu wa chuo cha Kyambogo, ataona tembo, halafu atapanda Ruwenzori mpaka kwenye theluji!

"Theluji haimpikii mtu chakula," akasema. "Mtafutie mke!"

Tulicheka sana.

Jioni nilimshauri Yusufu aanze na mlima, kisha apumzike akitazama tembo. Akakataa. Mlima uwe mwishoni.

"Na ukishuka, nikupikie samaki wa Ggaba?"

Akainama kufunga kamba za viatu, nazo zilikuwa zimefungwa tayari. Hapo nikaelewa. Nyuma ya mlima ni Zaire, na tangu askari walipomchukua mwalimu mwenzake, mwanangu hapati usingizi.

Nilimpa sweta, akalivaa humu ndani na joto lote hili. Mtoto mzuri, jamani. Moyo wangu...

Kesho nitaringa tena bombani, kwa sauti kubwa zaidi. Askari wakija kuuliza, mtaa mzima uwaambie amekwenda kutalii, anarudi Jumapili, na mama yake ameshaagiza samaki.